Mwalimu wa Mwongozo

Mwalimu Thadeus Ogari alikuwa na shahada mbili, miwani ya kusomea na miwani nyingine ya kutazamia watu. Wanafunzi wa shule ile ya kutwa iliyo juu ya soko la Nyaramba walimwita Mwongozo, kwa kuwa hakuna siku aliyoingia darasani bila kile kijitabu chembamba cha jalada la manjano, ambacho mtu fulani wa Nairobi alikiandika ili watu wasisumbuke kusoma riwaya. Mlikuwa na kila kitu humo: muhtasari wa kila sura, maudhui, wahusika na sifa zao, dondoo za mtihani na majibu yake. Mwalimu alikisoma polepole kwa sauti, wanafunzi wakaandika, kengele ikalia. Hiyo ndiyo ikaitwa fasihi.

Bosibori, mjane wa marehemu Mokua, hakuyajua haya mpaka Jumanne moja saa nne asubuhi, alipoinua kichwa kutoka kwenye michai akamwona bintiye Lavender akipanda njia ya shamba na begi mgongoni. Mtoto wa kidato cha nne hatembei njiani saa kama hiyo bila habari mbaya.

"Nani amekufa?" akamuuliza.

"Mbodze," Lavender akasema, kisha akaanza kulia.

Mbodze hakuwa mtu wa ukoo. Alikuwa mjane wa kwenye riwaya ya mwaka ule, mwanamke wa pwani ambaye shemeji zake walitaka kumnyang'anya shamba mara tu mumewe alipozikwa. Asubuhi ile Mwalimu Ogari alikuwa amewaandikisha wanafunzi kwamba Mbodze alikufa maji akivuka mto, na kwamba kifo hicho kinaonyesha unyonge wa mwanamke, alama mbili. Lavender akainua mkono. Akasema Mbodze hakufa, sura ya kumi na tatu anaonekana akiwa hai. Darasa likacheka. Mwalimu akamuuliza kati yake na mwandishi wa mwongozo ni nani aliyesoma zaidi. Naye Lavender akauliza, "Mwalimu, wewe riwaya yenyewe umeisoma?"

Hapo kicheko kikakatika. Barua aliyopewa ilisema hataingia darasani wala kufanya mtihani wa majaribio, uliokuwa unaanza Jumatatu, mpaka aje na mzazi na kuomba msamaha mbele ya wenzake.

"Ulimuuliza kwa dharau?"

"Nilimuuliza tu, mama."

"Macho yalikuwa wapi?"

"Kwa kitabu."

Bosibori akarudisha macho kwenye michai. Akaendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, ukucha wa dole gumba ukikata kama mkasi. Alikuwa anamfikiria Mbodze.

Alimjua vizuri. Shule ilipogawa vitabu mwezi wa pili, aliweka sheria nyumbani kwamba kitabu husomwa kuanzia kinapoanza mpaka kinapoisha. Sabato ilikuwa ya Bwana, hiyo haikuguswa. Jumapili ikawa ya Mbodze. Baada ya chakula cha mchana yeye alipukuchua maharagwe, Lavender akasoma kwa sauti, na pale mtoto aliporuka mstari mama alisikia, akamrudisha. Walipofika sura ya kumi na mbili, leso ya Mbodze ikaonekana kwenye matete na kijiji kizima kikaanza matanga, Bosibori aliacha maharagwe. "Hao wanalia haraka sana," alisema. "Endelea." Na kweli, sura iliyofuata Mbodze alikuwa kwa mfinyanzi mmoja ng'ambo ya mto, anakula, anapata nguvu.

Bosibori hakushangaa. Mokua alipofariki, naye watu walimwandikia mwongozo wake: atauza michai, atarudi kwao, watoto watatawanyika. Mwaka wa tisa ulikuwa huu, na michai ilikuwa pale pale.

Jioni, kwenye kituo cha kupimia chai, jirani yake Edinah alimpa ushauri ambao hakuuomba.

"Nenda umuombe tu msamaha, yaishe. Kwani ni nini? Ni hadithi ya kutunga. Huyo Mbodze hata hakuzaliwa."

"Kama hakuzaliwa, Edinah, mbona mwalimu ana haraka ya kumzika?"

Edinah akafunga leso yake upya. "Utafanya mtoto akose mtihani kwa sababu ya maneno."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Usiku huo aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuomba kushinda. Aliomba ulimi wake uwe mfupi, kwa kuwa aliujua.

Kesho yake saa mbili wakawa ofisini kwa mwalimu mkuu, Madam Gladys, mwanamke mzuri aliyependa mambo yote yaishe kabla ya chai ya saa nne. Mwalimu Ogari alikuwa ameketi tayari, mguu juu ya mguu, mwongozo wa manjano juu ya goti.

"Mama Lavender, karibu," Madam akasema. "Ni jambo dogo. Mtoto aombe msamaha tuendelee."

"Ataomba. Kama amekosea atapiga magoti hapa hapa. Nimekuja tuone alipokosea."

Mwalimu Ogari akacheka kwa pua. "Mama, kwa heshima, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba. La nane sikuliona."

"Sasa unaona. Hii ni fasihi. Ni uchanganuzi. Kuna mambo ya juu-juu na kuna ya ndani. Mto pale si mto tu, ni jazanda."

"Na kufa pia ni jazanda?"

"Inaweza kuwa."

"Na akirudi nyumbani kwake akalima, hiyo nayo ni jazanda ya kufa?"

Madam Gladys akageuka kutazama dirisha, ingawa nje hapakuwa na kitu ila mlingoti wa bendera.

"Alirudi lini?" Mwalimu akafungua mwongozo. "Hapa wazi kabisa, ukurasa wa arobaini na moja. 'Kifo cha Mbodze.' Kimeandikwa kwa wino mzito."

"Mwalimu, sikuulizi mwongozo. Nauliza riwaya. Kitabu cha Lavender alikiacha kwa dawati. Cha kwako wewe kiko wapi?"

Mwalimu akaenda kukitafuta. Alikaa huko muda ambao ungemtosha mtu kukamua ng'ombe. Aliporudi, Bosibori alikipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kitabu chochote, na kabla hajakifungua alikuwa amekwisha kuona. Kitabu kilichosomwa hufunguka chenyewe, kama mlango wa nyumba yenye watu. Hiki kilikuwa kigumu, kinang'aa, kinanuka duka. Ndani ya jalada paliandikwa jina la mwalimu na tarehe ya miaka mitatu iliyopita. Na huko mwishoni, kurasa nyingi zilikuwa zimeshikana ukingoni, mbili mbili, pale kisu cha kiwanda kilipozikosa.

Akamrudishia. "Nifungulie sura ya kumi na tatu."

Mwalimu Ogari akafungua. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akaingiza kidole, kidole kikagota kama kimeingia mfukoni.

"Zimeshikana," akasema.

"Naona. Tangu lini?"

Mwalimu akachomoa kidole. Madam Gladys alikuwa ameliacha dirisha sasa.

Bosibori akakichukua tena, akakiweka mezani, akapitisha ukucha wa dole gumba, ule mweusi kwa utomvu wa chai, kutoka juu hadi chini. Karatasi ikaachia. Akatafuta mahali, akasoma kama anavyosoma Shule ya Sabato, kila neno na nafasi yake:

"Walipofika na majembe kugawana shamba, walimkuta Mbodze amekwisha kuinua matuta manne. 'Tulikulilia,' shemeji mkubwa akasema. 'Nilisikia,' akajibu. 'Mlilia vizuri. Sasa ondokeni kwenye matuta yangu.'"

Akafunga kitabu taratibu.

"Huenda ni toleo tofauti," Mwalimu Ogari akasema.

"Tofauti na lipi? Hiki si kimeandikwa jina lako?"

"Mama, unajua walimu tuna kazi nyingi. Madarasa manne, karatasi za kusahihisha..."

"Najua. Kanisani kwetu tuna lesoni, kijitabu cha kutuonyesha la kusoma kwenye Neno. Kuna watu husoma lesoni, Neno lenyewe hawalifungui. Hunyoosha mikono kuliko wote. Lakini hao, Mwalimu, hatuwapi darasa wafundishe."

Ulimi ulikuwa umerefuka. Aliuhisi, akaurudisha.

"Lavender," akasema, "mwambie mwalimu samahani kwa kumuuliza mbele ya watu. Swali lenyewe liache pale pale."

"Samahani, Mwalimu, kwa kukuuliza mbele ya watu," Lavender akasema, macho kwenye zulia.

Madam Gladys akakohoa. "Lavender, nenda darasani. Mwalimu, kipindi chako ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Utawasomea hiyo sura. Yote. Kuanzia hapo palipofunguliwa."

Bosibori alipitia nyuma ya madarasa kwenda zake, na kwa kuwa hakuna sheria inayomkataza mjane kufunga kamba ya kiatu, alifunga kamba chini ya dirisha la kidato cha nne kwa muda mrefu. Mwalimu Ogari alianza kwa ile sauti ya kuandikisha, sentensi ya kwanza mara mbili. Ya pili hakuirudia. Kengele ikalia, naye akawa bado anasoma, na hakuna aliyemkumbusha. Bosibori hakumsifu. Mtu hasifiwi kwa kula chakula alichokaa nacho mezani miaka mitatu.

Mtihani ulifanywa. Jumapili ya pili yake, Bosibori akiwa sokoni Nyaramba na mikungu yake ya ndizi, aliona miwani inamjia. Mwalimu Ogari alikuwa na riwaya kwapani. Alisalimia vizuri, akauliza bei ya ndizi bila kusikiliza jibu, akasogea karibu.

"Mama Lavender, nasahihisha ile karatasi. Swali la shamba. Wanafunzi thelathini na wanane wameandika shamba lilichukuliwa na shemeji, kama mwongozo unavyosema. Mmoja tu ameandika lilirudi kwa Mbodze, hata akataja lilirudishwa mbele ya nani. Ni alama ishirini. Sasa... mwishowe huwa inakuwaje?"

Bosibori alimjua huyo mmoja. Alama ishirini za mtoto wake zilikuwa zimesimama mbele yake zimevaa suti. Neno moja tu lingetosha, nalo lilikuwa neno la kweli. Akatazama kile kitabu. Palipokuwa pamepita ukucha wake palikuwa pamechakaa kidogo. Mbele ya hapo kurasa zilikuwa bado zimeshikana, mbili mbili.

"Mwalimu, mimi si mwongozo."

"Ni neno tu, Mama. Mimi nitakuamini."

"Ndiyo shida yako. Unaamini upesi." Akavuta kreti tupu, akaipangusa kwa kitambaa, akamsogezea. "Kaa. Zimebaki sura mbili, na mimi sitoki hapa mpaka saa kumi."

Mwalimu akatazama huku na huku kama kuna mwanafunzi wake sokoni. Walikuwapo watatu. Akakaa. Akajaribu kufungua ukurasa, ukamkatalia, akainua uso.

"Kwani, Mwalimu," Bosibori akasema, "wewe huna ukucha?"

Akatoa ufunguo wa gari, akaanza kupasua, vibaya, mstari ukienda zigizaga kama njia ya mlevi. Bosibori hakumsaidia. Alimuuzia mama mmoja ndizi, akamuuzia mwingine, jua likahama kutoka mikunguni kwenda kwenye kreti. Mwalimu Ogari hakuhama nalo. Mwisho akasimamisha kidole katikati ya ukurasa, pale shamba liliporudi kwa Mbodze, kisha akapapasa mfuko wa koti akitafuta kalamu nyekundu.