Rubani Mkwe na Rubani Mtani

"Mimi nakwambia kwa sababu nakupenda," alisema Bi Fatu, viwiko vyote viwili kaviegemeza juu ya ua wa mabua. "Ningekuwa sikupendi ningenyamaza, nikasubiri kuja kula wali wa matanga yako."

"Basi leo nichukie kidogo, nimalize kufua," alijibu Mashavu.

"Mke wa mtu unakwenda kujifungia kwenye kidubwasha cha viti viwili na Yordani. Huko juu nani shahidi? Kunguru?"

"Na nikijifungia na Kapteni Sadala, shahidi nani?"

"Sadala ni baba mkwe wako. Unalinganisha?"

"Ndiyo kisa chenyewe, Bi Fatu. Ni baba mkwe wangu."

Bi Fatu hakuelewa, na Kwamndolwa nzima, hapo Korogwe, haikuelewa, ingawa habari ilikwisha kufika mpaka kisimani na kurudi imeongezwa chumvi. Mambo yalikuwa hivi. Shamba la mkonge ng'ambo ya reli lilipochukuliwa na umma, pamoja na korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, na matrekta kilikutwa kindege kimoja cheupe, ambacho bwana shamba wa zamani alikitumia kukagulia mistari ya mkonge, na Jumamosi kwendea Tanga kunywa. Uongozi mpya ukasema kindege ni mali ya wananchi, basi wananchi watakirusha. Wakachaguliwa wanafunzi wawili. Mmoja alishuka siku ya kwanza ameshika tumbo, hakuonekana tena. Akabaki Mashavu, karani wa redio ya upepo hapo shambani, mke wa Mhina fundi matrekta.

Walimu nao walikuwa wawili. Kapteni Sadala, mtu mzima, shati lake lina pasi hata saa kumi jioni, alikuwa baba mdogo wa Mhina, na ndiye aliyemsomesha. Wa pili Yordani, mtoto wa mkata mkonge wa Kinyamwezi kule Mazinde, aliyepelekwa ng'ambo kusomea urubani akarudi na mdomo uleule aliokwenda nao. Ukoo haukuuliza mara mbili. Mashavu akapewa Sadala, na watu wakasema hapo mambo yamekaa kwa heshima.

Heshima ilikuwepo, tena ya kumwaga. Mke wa kijana hamtazami mkwe usoni, hapandishi sauti mbele yake, na mkwe akizungumza hakatizwi. Mashavu alilelewa hivyo na bibi yake huko Handeni, na hakuona ubaya. Lakini ndani ya kile kindege bega linagusana na bega. Yeye alikaa amejikunja upande wa dirisha kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, kanga kichwani, vidude vya kusikilizia juu ya kanga, vinateleza. Injini inanguruma, na yeye anajibu "ndiyo, baba" kwa sauti ya mwali wa ndani. Sadala hasikii, anadhani hajaelewa, anarudia. Alikwisha kuruka naye mara kumi na nane na hata siku moja hajaachiwa kutua mwenyewe.

Na mtahini wa kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja tarehe ishirini na nane. Ambaye hajarusha ndege peke yake kufikia siku hiyo, jina linafutwa, anarudi alikotoka.

Kilichomkata maini ni safari ya Handeni. Walikuwa wanashuka, kiwanja kiko mbele, Sadala anaeleza habari ya upepo wa ubavuni. Kwa upande wake Mashavu akaona ng'ombe wa Wamasai wanatoka vichakani, wanaingia kiwanjani kwa raha zao. Akafungua mdomo. Mkwe alikuwa bado anasema. Akaufunga, akangoja apumue. Sadala alipofika kwenye nukta yake ng'ombe walikuwa wamejaa kiooni, na alivuta usukani hata magurudumu yakachana vilele vya miti.

Walipotulia hewani akauliza, "Hukuwaona?"

"Niliwaona, baba."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unazungumza, baba."

Mtu mwingine angekasirika. Sadala alirudi Korogwe akaisimulia barazani kama sifa. Mkwe wangu ana adabu, alisema, hata kifo kimemkodolea macho hakunikatiza. Watu wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Mashavu, aliyekuwa jikoni anayasikia hayo, alijua hapohapo kwamba adabu hiyo itamzika, na yeye mwenyewe ndiye atakayeibeba mpaka kaburini.

"Nataka kuhamia kwa Yordani," alimwambia Mhina.

Mhina alikuna kidevu. "Tungoje tupate mtu mzima wa kwenda kumweleza baba. Baada ya Idi."

"Idi itanikuta ofisini nahesabu makaratasi. Mtahini haji baada ya Idi."

"Yule ndiye aliyenisomesha, Mashavu."

"Basi usiniruhusu wala usinikataze. Nitakwenda mwenyewe."

Jambo kama hilo halijawahi kusikika. Neno la kwenda kwa mkwe hupelekwa na mtu wa katikati, kwa mafumbo na kikohozi. Mashavu alikwenda Jumatatu asubuhi kwa miguu yake, akamkuta Sadala anafuta kioo cha ndege.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akavuta pumzi, akainua uso, akamtazama machoni. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba yana rangi ya kahawia.

"Baba, kuanzia leo nitasoma kwa Yordani."

Kitambaa kilisimama kiooni. "Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Mhina anajua?"

"Anajua. Ameogopa kuja."

"Yule kijana hana adabu hata chembe."

"Ndiyo sababu, baba. Kwako siwezi kupayuka, 'Ng'ombe hao!'"

Sadala alimtazama, kisha akaanza tena kufuta pale palipokuwa pamekwisha takata. "Usije ukasema sikukuonya," alisema. Mashavu akaaga kwa heshima zote, akageuka, na hakurudi nyuma.

Yordani alimpokea kama Mnyamwezi anavyompokea Mzigua, mtani wake.

"Wazigua na ndege wapi na wapi? Ninyi mtakipandia mihogo humu ndani."

"Babu yako alifika pwani kwa miguu, mzigo kichwani," alisema Mashavu, anafunga mkanda. "Leo mjukuu kaota mabawa. Washa, tukuone."

Kanga aliifunga kiunoni. Walipiga kelele kuanzia chini mpaka juu. Yordani akimwambia anashika usukani kama anakamua tui, yeye anamwambia mbona wewe unakitua kama gunia la mkonge. Asichoelewa aliuliza hapohapo, na akiuliza mara tatu anatukanwa mara tatu, halafu anaelezwa mara ya nne. Siku ya tatu, kabla hawajaondoka chini, Yordani alifunga bomba la mafuta kimyakimya na kutazama pembeni kama mtu anayewaza chakula.

"We mbeba mizigo, umefunga mafuta," alipayuka Mashavu.

Yordani alicheka mpaka akapiga paja. "Sasa umeanza kusoma."

Tarehe ishirini na sita asubuhi walitua, injini ikiwa bado inazunguka, Yordani akafungua mlango akashuka. "Nimechoka makelele yako," alisema kwa kupaza sauti. "Zunguka peke yako, masikio yangu yapumzike."

Kindege kilikuwa chepesi bila yeye. Kilipaa kabla Mashavu hajatarajia, na chini yake mkonge ukajipanga mistari mpaka upande wa Mazinde, reli katikati, na mapaa ya Kwamndolwa madogo kama vifuniko vya sufuria. Alijisemesha kwa sauti kubwa safari nzima: mafuta, upepo, ng'ombe. Hawakuwepo, lakini aliwatafuta. Alitua akadunda mara mbili, ya tatu ikakaa. Pale bandani Kapteni Sadala alikuwa amesimama, mikono nyuma. Hakupunga. Injini ilipozimwa alikwisha kwenda zake, na daftari la safari lilikutwa mezani limefunguliwa, jina la Mashavu limeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, na mbele yake: peke yake.

Mhina alikuwa amesikia ngurumo akiwa chini ya trekta. Alitoka na grisi hadi masikioni, akakimbia nyumbani kuchinja jogoo kabla hata hajaambiwa.

Mashavu na Yordani walikuja kwa miguu. Yordani alipotaka kukata kushoto wapitie nyuma ya nyumba, kuepuka maneno, Mashavu alimvuta mkono wa shati. "Sijaiba kitu. Tunapita barabarani."

Wakapita barabarani, mchana kweupe, wanatukanana. Bi Fatu alikuwa uani kwake, viwiko mahali pake, na nyuma yake wanawake wengine wawili waliokuja kuazima kinu wasichokihitaji.

"Huyo ndiye?" aliuliza Bi Fatu.

"Ndiye. Mtazame vizuri, usije ukamsimulia vibaya."

"Na ndege umeirusha mwenyewe? Bila mtu?"

"Bila mtu, Bi Fatu. Hata kunguru."

Wale wawili walicheka, kisha wakaacha. Bi Fatu alinusa hewa. Mchuzi wa kuku ulikuwa umekwisha kuvuka ua.

"Mambo haya mimi bado siyakubali," alisema.

"Usiyakubali," alisema Mashavu, akiusukuma mlango wa mbele mpaka ukagonga ukuta, ndani kote kukaonekana. "Lakini hapo uani utachoka kusimama. Zunguka uje ndani, na hao wenzio. Bada ya muhogo ya moto, kuku yupo, mume wangu ananawisha watu. Karibuni tule."