Umehifadhi Nakala?

Jumanne moja ya Machi 2007, saa nne asubuhi, Verdiane alifungia mkoba wake kabatini katika maktaba moja katikati ya Sydney, akaingia chumba cha kusomea. Kwaya yao ya Merrylands ilikuwa inatengeneza kitabu cha nyimbo, naye alitumwa kunakili noti za wimbo mmoja tu. Akaletewa daftari la mmisionari aliyepita Burundi mwaka 1934 akiandika nyimbo kwa noti, kisha akazeekea huku Australia na kuiachia maktaba kila kitu. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na wimbo wa bibi yake Verdiane. Chini yake mmisionari aliandika: mwimbaji, mke wa mpishi.

Verdiane hakuhitaji kuusoma. Aliujua tangu ananyonya, na aliutumia kila siku. Mama yake, Akimana, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa amesahau majina, choo na hata Burundi yenyewe, lakini wimbo ule ukiimbwa alifungua kinywa akala. Usipoimbwa aliuma meno. Verdiane alifanya kazi ya kutunza wazee kule Liverpool, kitongoji cha Sydney, na alijua vizuri vinywa vilivyofungwa huishia wapi.

Kunakili, akaambiwa, hakuruhusiwi. Kupiga picha pia. Kuchapisha ni mpaka warithi wa mmisionari waridhie, na warithi hawajajibu barua tangu 1988. Alipokuwa anaondoka akapewa fomu ya kujaza. Ilikuwa ya Kiswahili, na maktaba ilijivunia jambo hilo. Swali la sita liliuliza: Je, umehifadhi nakala yoyote ya kazi hii?

Hapo ukweli wake ukamponza. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alikokaa miaka kumi na mitatu, kwaya haikuwa na vitabu. Kabla ya kila ibada mwalimu aliuliza, "Mmehifadhi?" nao wakajibu, "Tumehifadhi," yaani wimbo upo kichwani neno kwa neno. Tena Verdiane hakuwa mtu wa kudanganya karatasi, kwa sababu alishaona karatasi zikiwarudisha watu mpakani. Akaweka alama kwenye Ndiyo. Penye nafasi ya maelezo akaandika: kichwani, yote.

Alhamisi alasiri mtu akabisha hodi nyumbani kwake. Alikuwa Mwiti, Mkenya wa pale maktaba, ambaye ndiye aliyeitafsiri ile fomu. Alivaa glavu nyeupe za pamba na kubeba kisanduku cha kijivu. Verdiane alipokiona kisanduku alirudi nyuma hatua moja. Askari wa mpakani nao walikuwa na adabu.

"Habari yako, mama. Nimetumwa na ofisi. Ulitick yes, so lazima nichukue hiyo copy."

"Mimi niliona munauliza kama naujua kwa kichwa, kaka. Hapa hakuna karatasi."

"Ya kichwani pia ni copy. Policy haijasema ni ya aina gani."

"Mama yangu anakula kwa huo wimbo."

Mwiti alimtazama mzee aliyesinzia kwenye kiti chake cha magurudumu. "Pole sana, mama. Kiswahili kilikuwa changu, lakini sheria si yangu."

Lyse, binti wa Verdiane, aliinua macho kwenye kompyuta. "Mum, you actually ticked yes?" akauliza, kisha akarudi kwenye mambo yake.

Verdiane aliimba mara moja, mdomo karibu na kisanduku, kama alivyoelekezwa. Alitaka kufanya ujanja, aufiche ubeti mmoja nyuma ya ulimi, lakini hofu ilimfanya aimbe vizuri kuliko siku zote. Mwiti akafunga kifuniko, akamwandikia stakabadhi. Mahali wimbo ulipokuwa palibaki pengo kama la jino lililong'olewa, na ulimi wake ukawa unapapapasa bila kutaka.

Jioni Akimana hakula. Verdiane alijaribu nyimbo za kanisani, za harusi, hata tangazo la sabuni. Akawapigia simu wanakwaya mmoja mmoja. Hakuna aliyeujua wimbo. Wote walikuwa wanangoja kitabu. Bizimana, kiongozi wa kwaya, alikuja kumpa pole.

"Mjomba wangu walimuchukulia mudundo wa ngoma, wakapeleka Ulaya," alisema, akikoroga chai. "Alibaki anapiga ngozi tu."

Ijumaa Verdiane alimpigia Mwiti. Swali la sita lingeweza kurekebishwa, Mwiti akasema, ila kamati ilikuwa inakaa Novemba.

"Mwenye wimbo ni bibi yangu."

"Kwenye register ni mke wa mpishi. Una document inayoonyesha huyo mpishi alikuwa nani?"

Verdiane hakuwa nayo. Alikuwa na stakabadhi.

"Lakini unaweza kuja kuusoma, mama. Ukiwa ndani ya chumba ni wako. Nitakuwekea lisaa limoja Jumanne."

Siku hizo aliziishi kwa woga mtupu. Alimlowesha mama yake midomo kwa chai, na kila alipomgeuza kitandani alimwona mwepesi kuliko jana. Jumanne akampandisha treni, na chupa ya uji mapajani.

Uji ulibaki kabatini. Chakula hakiingii chumba cha kusomea, kwa sababu ya mende. Verdiane alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akagusa karatasi, na wimbo ukarudi mdomoni mwake mzima mzima. Akaimba kwa sauti ya chini. Wasomaji wengine waliendelea kusoma. Akimana akafumbua macho, akafungua kinywa, akangoja.

Verdiane akashika kile kiti cha magurudumu na kukisukuma mbio kuelekea mlangoni, huku anaimba, kinywa cha mama yake kikiwa bado wazi. Kizingitini ubeti ukakatika katikati ya neno. Alipofika kabatini na kufungua chupa, meno ya Akimana yalikuwa yameshaumana, na kijiko kiligonga nje tu, uji ukamtiririkia kidevuni.

Mwiti alimfuata na kitambaa, na daftari la miadi.

"Nikuwekee Jumanne ijayo, mama?"

Verdiane akachukua kalamu, akaweka sahihi.