Hadi Taa ya Njano Izimike

Gari la Walburga lilikuwa la dizeli, la mwaka themanini na mbili, kijani kama njegere zilizopondwa. Usukani wake ulikuwa mpana kama sinia. Viti vyote vilikuwa vizima isipokuwa cha dereva, alichokikalia marehemu mumewe Eugen miaka thelathini na saba, kikabonyea umbo lake. Mjukuu wao Friederike alipokuwa na miaka sita, Eugen alimwahidi, "Siku ya harusi yako utaenda kanisani kwa hili." Tangu azikwe, kila Jumatatu Walburga aliliwasha, akalisikiliza, akalizima. Alikuwa akilitunzia ahadi hiyo.

Basi harusi ikafika, asubuhi ya Oktoba, umande umeganda kwenye nyasi. Na Irmtraud, mama wa bibi harusi, akaamua vingine.

"Mama, usikasirike. Gauni jeupe lile litanuka dizeli. Ataenda na mjomba Gotthilf."

Gotthilf, mdogo wake Walburga, alikuwa amesimama uani kando ya gari lake jeusi la miaka mitatu, akilifuta vumbi lisilokuwapo. Nalo lilikuwa la dizeli, ila ungeweza kulisogelea likiwa linawaka usijue. Viti vyake vilipasha moto makalio.

"Sikiliza, dada," alisema Gotthilf, akiliwasha tayari kwa safari. "Husikii kitu, sivyo? Lako likinguruma, ng'ombe wa jirani wanadhani wameletewa majani."

"Lako limenuna, Gotthilf. Langu linasalimia watu."

"Linasalimia kwa moshi!"

Walburga alicheka, maana alimpenda ndugu yake. Lakini alipomwona Friederike akiingizwa kwenye gari jeusi, gauni likikunjwa taratibu kama kinyunga cha keki, aliacha kucheka. Akafunga utepe mweupe kwenye antena yake, akawafuata. Gari la Gotthilf halikuwa na antena. Utepe wake ulikuwa umebanwa mlangoni, unapepea kama soksi.

Walipopita kisima cha kijiji, watoto walikuwa wamekwisha kukingamisha kamba barabarani. Ndiyo desturi: gari la bibi harusi husimama, watu humwaga peremende dirishani, ndipo kamba ishushwe. Gotthilf akasimama. Na kwa kuwa hajawahi kuunguza tone la mafuta bure maishani mwake, akazima injini. Nyuma yake Walburga naye akazima. Walilelewa nyumba moja.

Peremende zikamwagwa, watoto wakagombania, kamba ikashuka. Gotthilf akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kwenye kioo kidogo mbele yake yakatokea maandishi mekundu.

Walburga aliteremka, akachungulia. "Limesemaje?"

"Linataka dawa yake ya moshi," Gotthilf alijibu, masikio yamemwiva. "Ile inayotiwa kwenye tanki dogo. Bila hiyo ukishazima haliwaki."

"Na halikukuonya?"

"Limenionya wiki tatu."

"Wiki tatu!"

"Inauzwa nafuu kuanzia Jumatatu, dada! Nilipiga hesabu, kilomita zilitosha kufika kanisani. Kamba sikuihesabu."

Friederike alikuwa akicheka hadi shela ikamtoka kichwani. Kengele za kanisa zikaanza kulia ng'ambo ya kilima. "Bibi," aliita, "una nafasi?"

Wakahama. Gauni likajaza kiti cha mbele, Irmtraud akabanwa nyuma pamoja na Gotthilf, aliyepakata kapu la mikate ya kusokotwa ya wageni. Walburga akageuza ufunguo hatua moja tu. Taa ndogo ya njano ikawaka.

"Mbona huondoki, Mama?" Irmtraud alihema. "Tumechelewa!"

"Injini hii hupashwa kwanza, hadi taa izimike. Baba yako alikuwa akisali Baba Yetu. Majira ya joto, hadi 'jina lako litukuzwe'. Siku za baridi, hadi kwenye riziki."

Akaanza, kwa sauti ndogo. Friederike akadakia. Nyuma, Gotthilf akavua kofia akasali pia, na Irmtraud naye, mwishowe. Walburga aliikazia macho taa ya njano. Kama lisingewaka leo, Jumatatu zote zile zilikuwa za nini?

"... utupe leo riziki yetu..."

Taa ikazimika. Walburga akamalizia kugeuza ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likajitikisa kama mbwa aliyetoka mtoni, likanguruma. Watoto wakapiga yowe la furaha. Wingu la moshi likamfunika mke wa mwoka mikate, naye akapunga mkono humo humo ndani.

"Linasalimia!" Gotthilf akapiga kelele nyuma, mkate mdomoni.

Kanisani, kabla ya kushuka, Friederike aliinua mkono wa gauni, akaunusa.

Irmtraud akafumba macho. "Linanuka?"

"Linanukia babu," alisema Friederike, na akambusu Walburga mashavu yote mawili.