Zamu ya Turki

Alhamisi moja ya mwaka wa sitini na moja, baada ya sala ya alasiri, Jecha seremala aliliweka bao la kijiji juu ya mawe mawili, akalichora mstari wa mkaa kwa urefu, akalikata nusu kwa msumeno. Huo ndio uamuzi pekee ambao vyama vyote viwili vya siasa vilikubaliana juu yake mwaka ule. Msikiti walishagawana, kisima walishagawana, lilibaki bao. Nusu moja, safu mbili na kete thelathini na mbili, akapewa Mzee Shaame aitunzie chama chake. Nusu ya pili akapewa Bwana Turki wa chama cha pili. Wawili hao walikuwa wamecheza pamoja kila alasiri kwa miaka ishirini na sita. Marehemu mkewe Shaame alikuwa akisema wazi kwamba si yeye aliyemponya mumewe hasira, ni bao: mtu akizoea kungoja zamu yake, mwisho hungoja hata chai.

Siku ya pili Shaame aliketi kibarazani kwake na nusu yake, akacheza, maana mkono ulishazoea. Alipofika pa kula, kete nne za Turki zikamwingia kiganjani, zina joto bado. Akazisambaza, akangoja. Punde kete nane zikatoweka kwenye shimo lake kuu.

"Kanila nyumba huyo," akasema.

Wapita njia walitazama, wakaenda zao. Kila mtu anajua bao halichezwi na mtu mmoja.

Wakacheza hivyo miezi saba, nyumba zao zimeachana hatua arubaini, na njiani hawaamkiani. Hata Jumatatu moja Turki hakujibu. Shaame alingoja mpaka adhana ya magharibi. Jumanne, kimya vilevile. Akaenda kwa Msellem, mwenyekiti wa tawi lao.

"Turki mgonjwa."

"Nani kakwambia?"

"Hajacheza tangu jana."

Msellem hakubisha, ushahidi ulitosha. "Basi wenziwe wamwangalie."

"Wenziwe wote wako Wete, mkutanoni."

"Hilo si letu, mzee wangu. Ukivuka kwenda kwake, usiturudie."

Shaame aliogopa, lakini hakumwogopa Msellem. Aliogopa kumzika Turki. Akachukua nusu yake kwapani, akavuka mchana kweupe, watu wanamwona.

Alimkuta Turki sakafuni, homa imempiga, midomo imekauka. Akamlaza kitandani, akamnywesha maji kwa kijiko, kisha uji. Nusu yake ya bao akaiweka kando ya ile nyingine. Asubuhi zilikuwa zimeungana, hata alama ya msumeno haionekani. Akalifuta vumbi.

Alhamisi Turki akafumbua macho.

"Zamu ya nani?"

"Yako, bwana we. Tangu Jumatatu."

Turki akacheza vibaya, akafungwa, akamtukana Shaame na kete zake. Hapo Shaame akajua kapona, akafurahi mno.

Jumamosi Jecha alikuja na msumeno. Matawi yote mawili yalimtuma.

"Mie n'metumwa tu, mzee."

Shaame akashika ncha ya bao lisitikisike. "Kata pale pale pa mwanzo. Usije ukampunguzia mwenzangu shimo."

Jumapili, msikitini, hakuna aliyemwitikia Shaame salamu. Akarudi kibarazani kwake, akacheza, akangoja. Kete sita zikamtoka kwa mkupuo. Turki alikuwa amepata nguvu.