Sahihi ya Kumtoa Jemadari

Mama Funguo alilinda mahabusu wa kituo kile miaka kumi na tisa, hakupotelewa hata na mmoja. Asubuhi ile alikuwa na mmoja tu, lakini mzito kuliko wote: Jemadari wa waasi, aliyeshuka mlimani juzi na shuka nyeupe mkononi, akaweka silaha chini. Tangazo la serikali lilisema atakayejisalimisha asiguswe mpaka afike mbele ya hakimu. Gari la mahakama lilikuwa lije saa nne.

Saa tatu akaingia shemeji yake Mama Funguo, Kapteni wa jeshi la serikali, na askari watatu nyuma.

"Shemeji, nipe huyo mtu."

"Hata salamu hakuna? Vita vimekula na adabu zako?"

"Huyu ndiye aliyekufanya mjane! Ndugu yangu yuko chini ya udongo, wewe unamkorogea uji!"

Neno lile lilimwingia kama mwiba. Kweli uji alimkorogea, ila sukari hakutia. Akashusha kitabu kikubwa cha mahabusu, akakifungua mezani.

"Sikatai. Anayemtoa mtu hapa huandika kwa mkono wake: jina, saa, hali ya mtu, na anampeleka wapi. Kisha sahihi. Hali nimeshakuandikia: mzima, hana jeraha. Malizia wewe."

Kapteni akashika kalamu. Akaandika jina. Akaandika saa. Hapo kalamu ikagoma.

"Mbona umekwama? Andika basi, 'nyuma ya soko, akapigwe risasi.' Wanao watakuja kusoma."

Askari mmoja akakohoa, akatazama dari.

"Nitaandika mahakamani."

"Uongo kwenye kitabu changu? Thubutu! Shemeji, mwaka juzi waasi walipokuteka wewe, walikurudisha na meno yako yote. Unadhani walikupenda? Kule nako kulikuwa na mtu kama mimi, kashikilia kitabu chake."

Kapteni akaiweka kalamu chini polepole. Akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. Mama Funguo akakaa karibu yake, akamshika mkono, wakamlilia marehemu wao pamoja mpaka honi ikalia nje.

Karani wa mahakama aliyekuja na gari akaingia, akaandika mstari mpya bila kusita: mzima, hana jeraha, mahakamani. Akatia sahihi.

Jemadari alipofika mlangoni akasimama. "Mama, ahsante. Umeniokoa."

"Usinishukuru. Nakutaka hai ujibu. Utaulizwa jina moja baada ya jingine, na la mume wangu limo. Maiti haulizwi swali."

Yule mtu akainamisha kichwa, akapanda gari. Nje watu waliokuja na mawe wakalitazama likipita polepole, hakuna aliyeinua mkono.

Mama Funguo akafunga kitabu, akanyoosha mgongo, akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichojaza korido nzima. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Njoo unywe uji. Wako natia sukari."