Matuta Tisa Bila Mnyororo

Theluji ilikuwa imeziba mlango wa nyuma wa kiwanda cha zamani, kwa hiyo Len Zupan aliingilia wa mbele, saa mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, baiskeli begani. Mkewe Noreen alimfuata na ya kwake, na chupa ya kahawa kwapani.

Msumeno ulikuwa umeshawekwa pale, juu ya tuta la tano. Len aliuona, akaishusha baiskeli.

Kiwanda hicho sasa kilikuwa ukumbi wenye majukwaa, kona na matuta ya mbao, watu wapate pa kuendeshea baiskeli za milimani wakati nje kumeganda. Mwenye ukumbi, Dwayne Tibbs, alikuwa na sheria moja kwa mafundi wake: njia mpya haifunguliwi mpaka watu wawili waipite mwanzo hadi mwisho kwa baiskeli zilizotolewa mnyororo. Bila mnyororo pedali hazina kazi. Unaanza na mteremko, kisha mwili wako ndio injini: unajikunja tuta likikupandisha, unajisukumia chini likikuteremsha. Njia iliyojengwa sawasawa inakubeba. Iliyojengwa ovyo inakuacha katikati, umesimama.

Njia ya Len ilikuwa na matuta tisa, na kona iliyoinuka baada ya la saba. Tangu Jumatano wanaume kumi na mmoja walikuwa wameijaribu, na wote walikwama tuta la tano. Len naye, aliyepigilia kila msumari, alikwama hapohapo.

"Mzee Len," Dwayne alisema, "saa nne nafungua milango. Saa tatu naikata. Usinune."

"Tuta la tano halina kosa. Kosa ni nyinyi, mnaendesha kama mnakimbizwa na polisi."

"Na wewe je? Jana ulisimama pale juu mpaka nikadhani unangoja basi."

"Basi ninaliendesha mimi," Noreen alidakia, "na huyu hajawahi kuliwahi hata siku moja."

Dwayne alicheka mpaka akakohoa. Len hakucheka. Aliinama kutoa mnyororo wa baiskeli yake.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Miaka miwili nyuma goti lake lilipasuka, na kwa majira mawili ya baridi alikaa kwenye benchi la ukutani akimtazama Noreen akijifunza kuendesha, akiwa na miaka arobaini na saba. Noreen aliendesha kama anavyoendesha basi la shule, bila kumwaga mtoto hata mmoja kitini. Hakukanyaga kwa fujo wala kushika breki ovyo. Alipita juu ya mbao kama maji ya bomba yanavyopita kwenye sinki. Akitoka, Len alichechemea na kipande cha chaki na futi, akapima gurudumu la mkewe liliponyanyuka na lilipotua. Vile ndivyo vipimo vya matuta yale tisa. Kuyakata kulikuwa kumkata Noreen, na kusema hivyo mbele ya watu hakuweza.

"Nitajaribu," Noreen alisema.

"Wewe? Wiki nzima umekataa."

"Wiki nzima ulikuwa unatukana. Nisingesogea pale."

Alitoa mnyororo, akapanda hadi juu ya mteremko, akajiachia. La kwanza, la pili, la tatu. Magoti yalipanda, mikono ikanyooka, kimya kimya, mbao zikitoa mlio mmoja mrefu. Kwenye la tano hakusukuma kitu. Alingoja kidogo tu, pale ambapo wengine wote walikuwa na haraka, na tuta likampeleka. Alizunguka kona, akamaliza la tisa, akasimama ukutani.

Dwayne alivua kofia. "Mama Noreen, umetuaibisha sote."

"Wa pili nani?" Noreen aliuliza.

Saa ya ukutani ilionyesha tatu kasoro robo. Wengine walikuwa hawajafika. Len alijaribu mara moja akakwama, mara ya pili akakwama, safari hii mguu ukiwa chini na tusi mdomoni.

"Unalipiga hilo tuta kama linakudai," Noreen alimwambia. "Njoo nyuma yangu."

"Nyuma yako?"

"Ndiyo, nyuma yangu. Miaka ishirini na sita unakwenda mbele, barabarani na hata sokoni. Leo tazama mgongo wangu, usitazame mbao. Nikijikunja, jikunje."

Dwayne alisogea pembeni kuwapisha.

Walishuka pamoja, gurudumu la mbele la Len likifuata kidogo nyuma ya baiskeli ya mkewe. Len alitazama koti la kijivu lenye kiraka alichokishona mwenyewe, vibaya. Koti lilishuka, akashuka. Likainuka, naye akainuka. Kwenye la tano mwili wake wote ulitaka kusukuma, lakini koti lilikuwa linangoja, naye akangoja. Tuta likamchukua.

Kwenye la tisa alikuwa amebaki na mwendo wa konokono. Gurudumu lilifika kileleni, likasita. Hakugusa sakafu. Alingoja tu, kisha baiskeli ikainamia mbele polepole na kumshusha.

Dwayne aliuchukua msumeno, akauning'iniza msumarini. "Imepita. Lakini niambie, vipimo hivi vya ajabu ulivitoa wapi?"

Len alijifanya anatafuta mnyororo wake. Noreen alikuwa amesharudi kwenye tuta la tano, akawa anatembea juu yake taratibu, anapima kwa hatua. Alisimama. Akatazama benchi lile la ukutani, kisha mumewe.

"Ulinipima lini, wewe?"

"Nilikuwa nimekaa tu pale, goti linauma. Ulitaka nitazame nini, ukuta?"

Noreen alimsogelea. Alimpangusa vumbi la mbao kwenye ndevu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akampa kahawa.

"Twende tena kabla watu hawajaja," alisema.

Len alimeza funda moja, akaisogeza baiskeli yake pembeni ili mkewe apite mbele.