Namba ya Leseni

Fundi alizungusha tepu nyeupe kwenye ncha ya bomba la hita mara kumi na mbili, akafunga valvu ya usalama, akakaza kwa spana mpaka ikagoma. Kisha akaifungua tena, akaanza upya. Kwa mteja angeiacha vile. Hapa nyumbani kwake hakutaka livuje hata tone.

"Unaifunga au unaibembeleza?" mama yake aliuliza. Alikuwa ameketi mlangoni pa bafu kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu cha kuazima.

"Naifunga, mama."

"Maana nilidhani unaoa tena."

Mkewe akacheka jikoni, kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia kwa mwezi mzima. Mwezi uliopita mke huyo alikuwa amebeba sufuria ya maji ya moto ya kumwogeshea mkwewe, mguu ukateleza, maji yakamshukia kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Bibi huyo, aliyepooza upande mmoja, alikuwa bafuni hana nguo, akausikia ukelele asiweze kuinuka. Tangu siku hiyo alikataa kupashiwa maji. "Ya baridi yananitosha," alisema, na kila asubuhi walimsikia meno yakigongana. Muuguzi wa mazoezi aliwaonya kwamba baridi inakaza misuli, na mkono ule ukishakaza haufunguki.

Ndipo fundi akaamua kufunga hita nyumbani kwake. Hita yenyewe haikumgharimu kitu, kwani mteja mmoja alitaka mpya akampa ile ya zamani. Vilivyoizunguka ndivyo vilivyomkausha. Tangi lilitakiwa lipandishwe juu ya paa ili maji yashuke kwa nguvu. Nyaya za nyumba zilikuwa nyembamba, zikang'olewa zote. Ikahitajika swichi yake peke yake. Ikahitajika nondo ya shaba ya kupigiliwa ardhini, na waya wa kijani wa kuiunganisha, ili umeme ukivuja uende udongoni usiende kwa mtu. Drili yake iliuzwa kwanza, ikafuata cherehani ya mkewe, ambaye kwa mkono ule hangeshona karibuni.

"Wenzako wanachomeka tu," mkewe alimwambia. "Nani anakuja kuangalia?"

"Mimi ndiye ninayewafungia watu. Najua kinachotokea."

Mkaguzi wa umeme, aliyeitwa na fundi mwenyewe, alifika saa nne, kijana mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa. Alipima nyaya, akainama kuitazama nondo, akafungua valvu na kuifunga.

"Kazi safi, mzee wangu. Mwaka huu sijaona hita iliyofungwa hivi."

Fundi aliinamisha kichwa asionekane akitabasamu. Akatoa fomu ya ukaguzi. Alikuwa ameijaza juzi, kwa mwandiko wake ulioinama upande mmoja, bila kuruka kisanduku hata kimoja. Mkaguzi aliisoma akiteremka na kalamu, mara kalamu ikasimama.

"Namba hii ya leseni ni yako?"

Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akimjazia mkandarasi wake fomu hizo hizo. Fundi hufunga, fundi hujaza, mkandarasi hutia sahihi bila kutoka ofisini. Mafundi walimwita Sahihi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee waliyowahi kumwona akiifanya. Mkono ulipofika kwenye kisanduku kile uliandika tarakimu sita ulizozizoea, kama mtu anavyoitika akiitwa.

"Ni ya bosi wangu. Nimeandika kwa mazoea."

"Wewe huna yako?"

"Wanataka cheti cha chuo, au barua ya mwajiri. Barua nimeiomba miaka mitatu. Kila nikiomba, naambiwa mwezi ujao."

Mkaguzi akashusha pumzi. "Nakuelewa, mzee. Lakini kutumia namba ya mtu ni kughushi." Akabandika kibandiko chekundu cha kuzuia kuwasha juu ya swichi, taratibu, akizilainisha pembe zake kwa dole gumba. "Itabidi nimpigie bosi wako simu. Akikubali kutia sahihi, mimi sikuona kitu."

Kufika alasiri, fundi alikuwa ofisini kwa Sahihi.

"Karibu, mwizi wangu," Sahihi alisema huku akicheka, akamwonyesha kiti. Hakuwahi kumwonyesha kiti kabla ya siku hiyo. "Mama anaendeleaje?"

"Anaoga maji ya baridi, bosi."

"Pole sana. Hilo tutalimaliza leo." Akasogeza mbele karatasi iliyochapwa. "Unaikumbuka nyumba ya geti jeusi?"

Aliikumbuka. Hita ilikuwa ya bafu la nyuma, la mtumishi. Nyumba haikuwa na waya wa ardhini, naye alimpigia Sahihi simu akiwa juu ya ngazi. Sahihi akasema mwenye nyumba anahamia Jumamosi, afunge hivyo hivyo, nondo itakuja. Haikuja. Binti wa kazi alimletea maji ya kunywa kwenye glasi, glasi juu ya sahani, kana kwamba yeye ni mgeni aliyealikwa.

"Yule binti alipigwa na umeme akioga," Sahihi alisema. "Jumanne. Hakufika hospitali."

Feni iliendelea kuzunguka. Fundi alitaka kusema kitu kumhusu binti, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nilikwambia, bosi. Nilikupigia nikiwa juu ya ngazi."

"Kuna maandishi?"

"Na sahihi ya pale ni yako."

"Niliitia nikikuamini. Ndivyo nitakavyowaeleza." Hakupandisha sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Fomu ya kule ni mwandiko wako. Ya kwako ni mwandiko wako, na namba yangu umeichukua. Mtu akiziweka pamoja atasema nini? Mimi sitaki tufike huko. Nakili maelezo haya kwa mkono wako, kwamba ulisahau waya na hukunitaarifu. Wataita uzembe. Labda faini, labda miezi michache. Nyumbani kwako nitapaangalia. Na fomu ya hita ya mama naitilia sahihi kesho hiyo hiyo, bure."

"Nisipoandika?"

"Basi sikujui. Tafuta jina lako kwenye daftari lolote humu ndani." Akainuka kumfungulia mlango. "Kesho saa mbili. Na uandike vizuri kama kawaida yako."

Jua lilikuwa bado halijazama alipoketi kwenye meza ya jikoni. Mkewe aliisoma karatasi ile akiwa amesimama.

"Usiandike," alisema. Kisha akasema, "Na akikushtaki kwa ile namba, nani atamnyanyua mama? Mimi na mkono huu?"

"Nisomeeni na mimi," mama yake aliita. "Nimepooza mkono, si masikio."

Fundi akamsomea yote. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwani ulisahau?"

"Sikusahau, mama."

"Mimi maji ya baridi nimeshayazoea," alisema.

Fundi akatandika karatasi safi. Aliandika tarehe. Aliandika mtaa na namba ya nyumba ya geti jeusi, ambavyo hakuhitaji kukumbushwa. Akanakili mstari wa kwanza kwa mwandiko ule ule wa fomu zote, akaingia wa pili, na hapo akakuta nukta. Kwenye karatasi ya Sahihi, baada ya neno *marehemu*, mchapaji aliweka nukta tupu, nyingi, kuelekea ukingoni.

"Hapa panatakiwa jina la yule binti," alisema.

"Anaitwa nani?" mkewe aliuliza.

Alifikiri. Mwenye nyumba alikuwa akimwita "wewe dada". Yeye mwenyewe aliipokea glasi, akasema asante, akaendelea na kazi.

"Sahihi naye hajui?"

"Angejua angeandika."

Aliacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Akaitazama, akaona huenda jina ni refu kuliko hapo. Akachukua karatasi nyingine safi, akaandika tarehe upya, mtaa, namba ya nyumba, na mistari ile ile hadi neno *marehemu*, safari hii akaacha vidole vitatu. Kisha akafunika kalamu. Ataulizia jina asubuhi kwenye geti jeusi, akiwa njiani kwenda kwa Sahihi.